Baarle-Hertog: kamji ka Ubelgiji kalikomwagika vipande vipande ndani ya Uholanzi

Kuna zile klipu zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na TikTok, mtu kasimama barabarani kwenye misalaba mieupe iliyochorwa chini, upande mmoja wameandika B upande mwingine NL, anaruka ruka huku na huku "sasa niko Ubelgiji, sasa niko Uholanzi", halafu ukishuka kwenye komenti ndo unakuta vurugu yenyewe. Mmoja anasema hao watu wanaonyesha paspoti wakienda jikoni, mwingine anasema kuna mfalme alicheza karata akapoteza ardhi, mwingine kakomaa kabisa kwamba pale ukifanya kosa unavuka tu mstari polisi hawakugusi. Na wapo wanaosema mji kama huo haupo, ni AI.

Mji upo. Unaitwa Baarle, na ule upande wake wa Ubelgiji ni halmashauri ndogo inayoitwa Baarle-Hertog. Ila kuuelewa inabidi twende taratibu, maana ukianzia kwenye ramani yake utaifunga simu.

Kwanza Ubelgiji yenyewe. Nchi imegawanyika maeneo matatu: Flanders kaskazini wanakoongea Kiholanzi, Wallonia kusini wanakoongea Kifaransa (na pembeni mashariki kuna wachache wa Kijerumani), halafu Brussels katikati yenye lugha zote mbili kubwa. Sisi wengi tukisikia Mbelgiji tunawaza Kifaransa, na si ajabu, Kongo, Rwanda na Burundi walipotawala ndo lugha waliyokuja nayo, lakini ukweli ni kwamba zaidi ya nusu ya Wabelgiji ni watu wa Flanders na Kifaransa kwao ni cha shuleni. Flanders inajiendesha kwa halmashauri, ziko chini kidogo ya 300, kila moja na meya wake na baraza lake. Baarle-Hertog ni mojawapo ya zile ndogo, iko mkoa wa Antwerp, ina watu kama 3,000 hivi na ardhi isiyofika kilomita za mraba 8. Mjini pale pale, mitaa ile ile, kuna halmashauri nyingine inaitwa Baarle-Nassau, hiyo ni ya Uholanzi, na ni kubwa zaidi kwa watu na kwa ardhi. Mpita njia anaona mji mmoja tu.

Sasa neno moja la kitaalamu, moja tu, enklavu. Ni kipande cha ardhi ya nchi moja kilichozungukwa pande zote na nchi nyingine. Lesotho ni enklavu, nchi nzima imo tumboni mwa Afrika Kusini. Cabinda ya Angola watu huwa wanaitaja hapa lakini si yenyewe kabisa, imetengwa na Angola kwa ardhi ya Kongo ni kweli, ila ina bahari yake, mtu anaweza kuingia kwa meli bila kumwomba jirani ruhusa. Mfano wa karibu zaidi na sisi ni vile visiwa vya Likoma na Chizumulu kwenye Ziwa Nyasa, ni vya Malawi lakini maji yote yanayovizunguka ni ya Msumbiji.

Baarle-Hertog ina enklavu 22. Yaani ardhi ya Ubelgiji iliyotapakaa ndani ya Uholanzi, vipande 22, kingine kikubwa cha kujaza mitaa kadhaa, kingine ni shamba tu la kama robo hekta halina hata nyumba. Ukishakubali hilo ndo inakuja sehemu inayovuruga watu: ndani ya hivyo vipande vya Ubelgiji kuna vipande 7 vya Uholanzi. Kwa hiyo unaweza ukatoka Uholanzi ukaingia Ubelgiji ukatembea kidogo ukaingia tena Uholanzi ukatoka tena Ubelgiji ukarudi Uholanzi ile ya mwanzo, na muda wote hujageuza shingo wala hujakata kona. Juu ya hapo kuna kipande kimoja zaidi cha Uholanzi kiko peke yake upande wa pili, ndani ya Ubelgiji kubwa. Jumla 30. Kwenye ramani vya Ubelgiji vimepewa herufi H na namba, vya Uholanzi N na namba. Na Baarle-Hertog si vipande vitupu, inacho pia kijiji chake cha Zondereigen kilichoshikana na Ubelgiji ya kawaida, hicho hakina drama. Angalau siku hizi, drama yake tutaifikia.

Ilikuwaje? Hapa ndo ile hadithi ya mfalme na karata inakufa.

Turudi mwaka 1198. Hakuna Ubelgiji wala Uholanzi, kuna watawala wenye ardhi. Mtawala wa Brabant, Henri wa Kwanza, cheo chake ni duke (ndo hiyo "hertog" kwenye jina la mji), ana ugomvi na majirani zake na anahitaji bwana wa Breda, Godfried wa Schoten, awe upande wake. Anampa ardhi ya Baarle. Ila hampi yote. Chukulia mzee ana eka mia pale kijijini, eka ishirini zimeshakodishwa, kuna watu wanalima na kila msimu wanamletea chake, zilizobaki ni pori. Kijana anakuja kuomba ardhi, mzee anamwambia chukua pori lote fyeka ulime, ila hivi viwanja vyenye wapangaji viache, ni vyangu. Na hivyo viwanja havijakaa pamoja, kimoja mtoni, kingine njia panda, kingine nyuma ya kanisa. Ndo kilichofanyika Baarle. Zile sehemu zilizokuwa na watu na mapato duke alizishikilia, nyika akaigawa, na hakuna aliyeona ni ajabu kwa sababu wakati ule mpaka ulikuwa ni suala la nani anamlipa nani, ukute majirani wawili mmoja analipa huku mwingine kule na wote wanasali kanisa moja.

Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1400, ubwana wa Breda ukaangukia kwa ukoo wa Nassau kwa njia ya ndoa, ndo ikapatikana Baarle-Nassau. Na ndo ukoo huo huo waliotokea wafalme wa Uholanzi wa sasa.

Mpaka hapo ni kero ya makarani tu. Shida ilianza mwaka 1648, Hispania na Waholanzi walipomaliza vita yao ya miaka 80 kwa mkataba wa Münster. Breda na vyake ikaenda kaskazini kwa Waholanzi, vile vya duke vikabaki kusini chini ya Hispania. Ghafla orodha ya nani analipa kodi wapi ikawa mpaka wa dola mbili, tena mmoja wa Waprotestanti na mwingine wa Wakatoliki. Ubelgiji ilipojitenga mwaka 1830 ikarithi upande wa kusini na vipande vyake vyote kama vilivyo.

Mwaka 1843 wakakaa Maastricht kuchora mpaka kamili. Wanatoka na nguzo zao za mpaka, namba moja, mbili, tatu, mpaka namba 214 karibu na Baarle, na pale wakanyoosha mikono. Hakuna mstari unaoweza kuchorwa. Wakaruka, wakaendelea na 215 upande wa pili, na hapo katikati badala ya mstari wakaambatanisha orodha ya viwanja, kimoja kimoja, maelfu, hiki cha Ubelgiji hiki cha Uholanzi. Mimi hii ndo sehemu ninayoipenda kwenye stori nzima, mataifa mawili ya Ulaya yenye wanasheria na wapima ardhi wa kila aina yameshindwa kuchora mstari yakaishia kuandika daftari la viwanja kama ofisi ya ardhi ya wilaya.

Na daftari likaleta kesi. Viwanja namba 91 na 92 pale Zondereigen: kumbukumbu za halmashauri zilizoandaliwa kabla zilisomeka ni vya Baarle-Nassau kwenye nakala ya Waholanzi, lakini hati ya mkataba wa 1843 ikasema ni vya Baarle-Hertog. Waholanzi wakasema ni makosa ya mwandishi, na isitoshe sisi tumekuwa tukivisimamia miaka yote, tunaandikisha mauzo, tunakata kodi. Wabelgiji wakasema mkataba ni mkataba. Kulikuwa hata na makubaliano ya mwaka 1892 ya Ubelgiji kuviachia, hayakuwahi kuidhinishwa. Ikabidi wapelekane Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ile ile ya The Hague inayosikiliza kesi za mauaji ya kimbari na mipaka ya bahari, na tarehe 20 Juni 1959 majaji wakaamua kwa kura 10 dhidi ya 4 kwamba viwanja ni vya Ubelgiji: hakuna kosa lililothibitishwa, na karani wa Uholanzi kukata kodi kimya kimya hakuifuti haki ya Ubelgiji. Wanafunzi wa sheria ya kimataifa bado wanaisoma hiyo kesi. Kazi ya kupima na kukubaliana mpaka wote kiwanja kwa kiwanja ilikuja kuisha mwaka 1995. Hesabu mwenyewe kutoka 1198.

Katikati ya hapo kuna vita, na hii watu wengi hawaijui. Vita ya Kwanza ya Dunia Wajerumani waliiteka karibu Ubelgiji yote, Uholanzi ikabaki haina upande. Sasa vile vipande vya Baarle-Hertog ni Ubelgiji, Mjerumani angependa kuvichukua, lakini kuvifikia lazima akanyage Uholanzi, na akikanyaga Uholanzi kaanzisha vita nyingine. Kwa hiyo vikabaki huru, bendera ya Ubelgiji inapepea katikati ya nchi isiyopigana, wakimbizi wakajaa, na mwaka 1915 Wabelgiji wakasimika pale kituo cha redio cha kijeshi cha kunasa mawasiliano ya Wajerumani. Waholanzi tumbo joto, wakaweka uzio na ukaguzi wa vinavyoingia wasije wakaonekana wanasaidia upande mmoja. Na huku kwenye mpaka wa kawaida wa nchi hizo mbili Wajerumani walikuwa wamevuta waya wa umeme mrefu uliokuwa unaua watu.

Sasa maisha ya leo, maana ndo komenti nyingi zinakoelekea.

Nyumba inapokatwa na mpaka, kanuni ni mlango wa mbele. Mlango wako mkuu uko Ubelgiji, umeandikishwa Ubelgiji, namba ya nyumba ni ya Ubelgiji, takataka zako zinachukuliwa na Wabelgiji. Ndo maana ukipita mitaani unaona vibao vya namba za nyumba vina rangi za bendera, nyumba hii nyeusi-njano-nyekundu, inayofuata nyekundu-nyeupe-bluu, halafu tena nyeusi-njano-nyekundu, na namba hazifuatani kwa sababu kila nchi inahesabu za kwake. Kuna nyumba moja mtaa wa Loveren mpaka unapita katikati ya mlango wenyewe, basi wameipa namba mbili, kushoto ya nchi moja kulia ya nyingine, na watalii hawaishi kupiga picha pale, nadhani wenye nyumba wameshachoka.

Je ni kweli watu wanahamisha mlango ili wahamie nchi? Nusu kweli. Imewahi kutokea mlango ukasogezwa ili familia ibaki upande wake au kibali cha ujenzi kipatikane upande wenye masharti laini. Lakini si kwamba Ijumaa unaamka unatoboa ukuta unalipa kodi ndogo. Jengo likilalia nchi mbili unahitaji vibali vya halmashauri zote mbili, na ardhi iliyo chini yake inabaki ya nchi mbili hata ufanyeje na milango.

Kila kitu cha utawala kiko viwili viwili: mameya wawili, mabaraza mawili, shule za mifumo miwili, postikodi mbili (2387 na 5111), polisi wa aina mbili. Ila hawajinunishi. Maktaba wanashirikiana, polisi wa nchi zote mbili wanakaa ofisi moja, na tangu 1998 mabaraza yana chombo cha pamoja cha kukutana na kupanga, maana ukitaka kuchimba mtaro wa maji taka barabarani kwako mita mia tu umeshavuka nchi labda mara mbili. Hapo hapo umekufa uongo wa mhalifu kuvuka mstari akachekelea. Mwizi wa Baarle akivuka barabara anakutana na polisi wanaokunywa kahawa meza moja na wale aliowakimbia.

Watu wanaosema "si Ulaya ni moja bana, mpaka una kazi gani" nao hawako sahihi sana. Sheria zinatofautiana na tofauti ndo biashara ya mji. Bia: Uholanzi tangu 2014 ni miaka 18, Ubelgiji bia na mvinyo ni miaka 16, baa mbili zinatazamana. Fataki: sheria ya Uholanzi kwa miaka mingi iliruhusu kuuza siku chache tu za mwisho wa mwaka, maduka ya Baarle-Hertog yanauza Januari mpaka Desemba, kwa hiyo Desemba Waholanzi wanajaa pale na magari, na polisi wao wanawasubiri kwenye barabara za kutokea. Zamani ilikuwa siagi. Baada ya Vita ya Pili siagi ya Uholanzi ilikuwa bei chee ukilinganisha na Ubelgiji, magendo yakashamiri mpakani kote huko, watu wanabeba mwilini, wanabeba kwa baiskeli, wakubwa wana magari waliyoyafunga vyuma wanamwaga misumari ya pembe nne barabarani kupasua matairi ya forodha. Mji ambao mlango wa mbele uko nchi moja na wa nyuma nchi nyingine kwa kazi hiyo ni kama umeumbwa.

Halafu ikaja korona kuonyesha kwamba mstari haujafa. Machi 2020 Ubelgiji ikafunga maduka yasiyo ya lazima, Uholanzi ikaacha yafunguliwe. Duka moja la nguo pale Baarle mpaka unalikata katikati, basi wakafunga utepe ndani ya duka. Upande wa Uholanzi unanunua, upande wa Ubelgiji nguo unaziona kwa macho tu. Nimeona watu wanasema hiyo picha ni ya kutengeneza, si ya kutengeneza.

Kwa nini wasibadilishane tu vipande yaishe? Si swali la kijinga, walijaribu zaidi ya mara moja karne ya 19 na hawakufika popote. India na Bangladesh walikuwa na balaa kubwa kuliko hili, enklavu zaidi ya 160 kule Cooch Behar, kuna hadi kipande cha India ndani ya Bangladesh ndani ya India ndani ya Bangladesh, na mwaka 2015 wakabadilishana karibu zote wakafuta. Lakini kule watu walikuwa wanateseka kweli, hawana umeme, hawana shule, hawana vitambulisho, kuvuka kwenda hospitali ni kosa la jinai. Baarle hakuna anayeteseka. Ukaguzi wa paspoti kati ya Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg uliondolewa mwaka 1960, miaka mingi kabla ya hiyo Schengen tunayoijua kwenye fomu za viza. Ukimwambia mtu wa Baarle-Hertog leo tukusafishie ramani uwe Mholanzi kamili, unamnyang'anya duka la fataki, watalii, na kitu cha kujivunia ambacho hata Bruges na makanisa yake hawana. Wenyeji wanaongea lahaja moja ya Kibrabant, wanaoana, wanacheza karnivali pamoja, na mpaka wanautunza kama wengine wanavyotunza ngome au kinu cha upepo. Hata reli ya zamani ya Tilburg mpaka Turnhout iliyokuwa inapita hapo, wenyewe waliiita Bels Lijntje, treni zilipokufa hawakuiacha ioze, wameigeuza njia ya baiskeli.

La mwisho ni kwa ndugu zetu walioko huko au wanaotaka kwenda, kwa sababu hili nimeona linaulizwa kwa umakini. Kutembea Baarle huhitaji chochote zaidi ya viza yako ya Schengen, moja inatosha nchi zote mbili, ruka hiyo misalaba mpaka uchoke. Lakini kama una kibali cha kuishi cha Ubelgiji hakigeuki kuwa cha kufanya kazi Uholanzi eti kwa sababu jiko la mgahawa liko hatua nne kutoka kitandani kwako. Kazi iko nchi gani, sheria ya nchi hiyo. Bima ya afya hivyo hivyo, kodi ya mapato hivyo hivyo, na kabla ya kusaini mkataba wa nyumba angalia rangi za bendera kwenye kibao cha namba pale mlangoni, usiangalie jina la mtaa, mtaa ni mmoja lakini nchi si moja.